Nilivyomtoa Mshkaji Wangu Kwenye Kundi la Mchezo, na Kwa Nini Kundi Bado Lipo

Leo majina siweki. Wahusika wote wapo hai, wana simu, na wawili kati yao wanapita hapa kila siku kabla hata ya chai. Nitawaita kwa majina ya watu waliokuwa wanawaigiza mchezoni: Shujaa, Mwizi, Mganga, Mpiga Upinde na Mpiga Ngoma. Ukimtambua mtu, kaa nalo moyoni.

Kwa miaka mitatu sasa, Ijumaa usiku mimi sipokei simu. Kuna ndugu wanaamini nina mchepuko. Ukweli ni kwamba nakuwa chumbani kwangu Tabata, kompyuta mbele, hedifoni kichwani, nawasimulia watu wazima habari za mapango, mazimwi na wafalme wenye madeni.

Mchezo unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitoka Marekani mwaka 1974, walioutunga ni Gary Gygax na Dave Arneson. Asili yake ni wa mezani: karatasi, penseli na dadu. Mtu mmoja anasimulia, na kila mchezaji ana mhusika wake mmoja anayemsemea na kumwamulia. Ukitaka kufanya jambo lisilo na uhakika, mathalani kuruka ukuta au kumdanganya mlinzi, unarusha dadu ya pande 20. Ikija namba kubwa umefaulu, ikija ndogo tunacheka na hadithi inaendelea. Hakuna mshindi, hakuna hela. Mama aliposikia neno dadu alidhani nimeingia kwenye kamari, akaniombea wiki nzima.

Siku hizi meza ipo mtandaoni. Kuna Roll20, iliyoanza mwaka 2012, ambako mnaona ramani moja na kurusha dadu ambazo kila mtu anaziona, kwa hiyo hakuna wa kuficha. Sauti tunaipata Discord. Mwaka 2020 korona ilipowafungia watu ndani, meza nyingi duniani zilihamia huko na nyingine hazikurudi tena sebuleni. Sisi meza yetu ilizaliwa hukohuko mtandaoni, haijawahi kuwa na miguu.

Sasa watu wakinikuta wananiuliza habari za kanuni: eti kaka, zimwi lina nguvu kiasi gani, uchawi unahesabiwaje. Hizo kanuni za msingi zipo bure mtandaoni, utazisoma kwa wiki moja. Kinachokula kichwa ni watu.

Mnaanza saa ngapi?

Kundi langu lilianza na watu watano. Shujaa, rafiki yangu tangu shule ya msingi Tanga, anafanya kazi Muscat. Mwizi ni mwalimu wa sekondari Songea, anacheza kwa simu. Mganga ni muuguzi Toronto, yaani kazini anatibu na mchezoni anatibu. Mpiga Upinde yupo Mombasa. Mpiga Ngoma ni binamu yangu, kazaliwa na kukulia London, Kiswahili chake kinachechemea lakini hakikai chini.

Haya, watafutie watu hao saa moja inayowafaa wote. Jumamosi usiku ilishindikana, maana Oman mapumziko yao ni Ijumaa na Jumamosi, Jumapili ni kazini. Tukimaliza saa sita usiku Dar, Muscat ni saa saba, na jamaa ana gari la kazini linamsubiri alfajiri. Ijumaa saa tatu usiku ikatufaa: Mombasa saa ileile, Muscat saa nne, London saa moja jioni, Toronto saa nane mchana. Mganga anaingia zamu ya usiku, kwa hiyo saa nane ndiyo kwanza ameamka.

Halafu kuna hili jambo la wazungu kusogeza saa. Kanada wanasogeza Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza wanasubiri Jumapili ya mwisho. Kwa wiki hizo za katikati, mahesabu ya Toronto na London hayalingani na yale mliyozoea. Novemba Toronto inarudi kuwa saa saba mchana. Tukakubaliana kwamba saa ya Dar haiguswi, kila mtu atajipima nayo.

Na hapo sijataja saa ya Kiswahili. Ijumaa ya kwanza niliandika "saa tatu usiku". Binamu yangu wa London akasoma tatu kama ilivyo kwenye simu yake, akatega kengele saa tisa za usiku wa manane. Nimeamka Jumamosi nakuta meseji: "Nipo peke yangu humu, mmeenda wapi?" Tulimcheka mwezi mzima. Sasa natumia ile namna ya Discord ya kuandika muda, ambapo kila mtu anaona saa ya kwake alipo.

Ramadhani tunasogea hadi saa nne, wa tarawehe wamalize kwanza. Mganga ni Mkristo, na ndiye anayewakumbusha wenzake tarehe.

Kanuni za akina mama wa mchezo

Bongo neno mchezo lina maana nyingine, ule wa kupeana hela kwa zamu, wengine wanauita upatu. Mama yangu ameucheza miaka mingi bila mwanasheria wala mkataba, na mchezo wao haujavunjika. Nilipoanzisha kundi sikutafuta ushauri kwa Wamarekani kwanza, nilimuuliza yeye. Aliniambia mambo mawili: siku ya mchezo haihamishwi kwa ajili ya mtu mmoja, na zamu ya mtu ni ya mtu. Mengine yote, akasema, ni maneno tu.

Basi nikachukua. Siku haihami. Usipoweza kuja, unasema kabla ya Alhamisi kuisha, na mhusika wako anabaki nyuma kulinda farasi na mizigo. Umeme ukikatika au bando likikata, hilo halina lawama. Tukiwa watatu tunacheza, tukiwa wawili tunapiga stori na kulala mapema. Ilinisaidia sana hiyo, maana makundi mengi ya mtandaoni hufa kwa ugonjwa mmoja: mtu mmoja anaomba tuahirishe, wiki inayofuata mwingine, ya tatu hakuna anayeuliza, na grupu linabaki la kutumiana salamu za sikukuu.

Wazoefu wa michezo hii wana kitu wanakiita kikao namba sifuri. Kabla hadithi haijaanza mnakaa na kusema mnachotaka na msichotaka. Sisi tulikaa saa mbili. Lugha: Kiswahili, na anayekwama asaidiwe bila kuchekwa (huyu wa London). Matusi: kidogo. Mapenzi: pazia linashuka. Mmoja wetu akaomba tusiweke kafara za viungo vya watu ndani ya hadithi, hata kwa adui. Hakusema kwa nini, na hakuna aliyemuuliza. Likaandikwa.

Kuna na kadi ya X, aliibuni John Stavropoulos. Mezani inakuwa kadi kweli, mtu akiigusa jambo lililopo linaachwa papo hapo bila maelezo. Mtandaoni sisi tunaandika herufi X tu kwenye ujumbe. Kwa miaka mitatu imetumika mara mbili. Mara zote mbili nilihamisha hadithi kama anayebadili stesheni, na tukaendelea.

Mwenye bando zuri ndiye mwenye neno

Hili watu hawaliongei. Mkiwa sebuleni unamwona mtu anavuta pumzi anataka kusema. Unampisha. Mtandaoni huoni kitu. Wawili wakianza kuongea pamoja, mmoja anaacha, na anayeacha mara nyingi ni yuleyule. Mwizi wangu wa Songea, kwa simu na bando lake, sauti yake ilikuwa inafika imechelewa kidogo. Kila akianza, Muscat ilishamaliza sentensi.

Vitani ni afadhali, kwa sababu dadu inapanga nani aanze nani afuate. Ila hapo nako kuna muda. Ndani ya hadithi raundi moja ya vita ni sekunde 6. Mezani, wachezaji watano na mimi, kila mtu akitumia dakika tano, unasubiri dakika 25 hadi zamu ikurudie. Mtu mwenye watoto anakuwa ameshapika ugali. Ndiyo maana nikaweka dakika mbili kwa kila zamu, na nikiita jina lako namtaja na anayekufuata ajiandae.

Nje ya vita hakuna foleni. Hapo ndipo msimulizi anafanya kazi ya mwenyekiti wa kikao cha ukoo: kujua nani hajasema. Nina daftari dogo, kila mchezaji ana mstari wake, na kila akipata tukio lake mwenyewe naweka alama. Mwisho wa usiku naliangalia. Daftari hilo ndilo lililoniambia habari ya Shujaa kabla masikio hayajakubali.

Shujaa

Niseme wazi, huyu jamaa ndiye aliyekuwa mchezaji bora mezani. Anachekesha, anaigiza sauti, anakumbuka jina la kila mlinzi wa kila geti. Vitabu tulivyokuwa tunatumia alinunua yeye. Grupu lenyewe ni wazo lake, alilileta usiku mmoja akiwa mpweke huko Muscat, chumba kimoja na wenzake watatu wasiojua Kiswahili. Huyo mtu nimekula naye sahani moja utotoni.

Lakini alama zilikuwa zake. Usiku mmoja alikuwa na 14, Mwizi ana 2.

Mwizi alikuwa na hadithi yake aliyoijenga taratibu. Mhusika wake alikimbia nyumbani akiwa mdogo, na kulikuwa na mzee mmoja sokoni aliyejua mama yake aliko. Kwa wiki tatu alikuwa ananiandikia pembeni, usiku, akishamaliza kusahihisha madaftari: nitamuuliza hivi, akikataa nitamwonyesha hiki kitambaa. Alikuwa amejiandaa kuliko mchezaji yeyote niliyewahi kuwa naye.

Ijumaa ikafika, wakakutana na mzee. Nikasema, "Mwizi, mzee amekuona, ameshtuka. Unamwambiaje?" Kimya kidogo, sauti inasafiri kutoka Songea. Katika kile kimya Shujaa akasema, "Mimi nachomoa upanga, huyu mzee simwamini." Nikasema hapana, ni tukio la Mwizi. Akacheka, "Nipo nyuma yake namlinda bana!" Na Mpiga Upinde akacheka, na binamu akacheka, maana kweli alichekesha. Sauti ya Mwizi ikafika mwishoni: "Sawa tu."

Nikasimamisha palepale, upanga ukarudi alani, mzee hakuguswa. Lakini lile tukio lilikuwa limeshapoa. Mwizi aliuliza swali moja, akashukuru, akazima maiki.

Ijumaa iliyofuata: "Bando limeisha." Iliyofuata: "Nina vikao vya shule." Mwenye kuendesha kikundi chochote, kwaya, upatu au timu ya mtaani, anaijua hiyo lugha. Mtu haondoki siku moja.

Nilivyoongea naye

Sikumsema mezani. Kumvua mtu nguo mbele ya wenzake ni kumpa sababu ya kupigana badala ya kusikia. Jumapili nilimpigia, tukasalimiana, mama hajambo, watoto hawajambo, halafu nikamwambia: "Kaka, unamaliza hewa. Mwalimu ana wiki mbili hajaja, na mimi najua kwa nini. Naomba tukio likiwa la mtu, umwachie hata akikaa kimya dakika nzima."

Akaelewa, au alisema ameelewa. Wiki mbili zilikuwa nzuri. Mwizi akarudi. Ya tatu jamaa akaanza tena, mara hii kwa Mganga: anamwambia amtibu nani, atumie dawa gani. Mganga akaniandikia usiku huohuo: "Kazini naamriwa saa kumi na mbili. Hapa ndipo nazungumza Kiswahili changu kwa wiki, sitaki kuamriwa na hapa pia."

Nikampigia mara ya pili. Nikampa njia tatu: acheze kwa kanuni tulizokubaliana, au nimwendeshee hadithi ya peke yake Jumatano, au awe msimulizi wa kundi jipya, maana kipaji anacho na mimi ningemsaidia kulianzisha. Akakaa kimya. Kisha akasema, "Bila mimi hilo kundi halipo."

Nikamwambia, "Basi tutaona, ila Ijumaa hii usije."

Wadau, maneno hayo ni mepesi kuyaandika hapa. Siku ile nilikaa na simu mkononi hadi skrini ikazima yenyewe.

Kwenye grupu niliandika mistari miwili tu: Shujaa hatakuwa nasi mezani kuanzia sasa, ni uamuzi wangu, mwenye swali anipigie. Sikueleza makosa yake. Mtu akitoka, msimuliane habari zake, maana kesho na wewe utajiuliza ukitoka watasema nini.

Hela ya vitabu nilimtumia kupitia dada yake Tanga. Ilirudi siku hiyohiyo, bila ujumbe.

Baada ya hapo

Msidhani mambo yalinyooka. Ijumaa ya kwanza ilikuwa baridi kama ukumbi wa harusi watu wakishaondoka. Mpiga Upinde akaniambia kistaarabu, kwa Kimombasa chake, kwamba yeye alikuja kwa sababu ya vichekesho vya Shujaa na sasa anaona bora apumzike. Nikamshukuru. Tukabaki watatu na mimi.

Watatu hao wakaanza kuongea. Binamu wa London, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kinamezwa na kasi ya Muscat, siku hizi anatunga vijembe kabisa, vingine vibovu, anacheka mwenyewe. Mwizi alimpata mama yake, yaani wa hadithini. Ilichukua Ijumaa nne. Usiku alipompata hakuna aliyerusha dadu hata mara moja, saa nzima, na sikuwa na sababu ya kuwaambia warushe.

Wapya tumepata wawili. Hawaingii moja kwa moja. Kwanza wanacheza hadithi fupi ya usiku mmoja, inaanza na kuisha. Siangalii wanajua kanuni kiasi gani, naangalia wanafanya nini mwenzao akikaa kimya. Kuna mmoja alisubiri, halafu akamuuliza Mganga, "Dada, wewe ulitaka kufanyaje?" Huyo nilimpa linki ya Ijumaa usiku uleule.

Na kwa wale ambao maisha hayawaruhusu kuja kila wiki, nafikiria meza ya pili kwa mtindo wa Ben Robbins, Mmarekani aliyeandika habari za kundi lake la West Marches mwaka 2007. Yeye alikuwa na wachezaji wengi kwenye ulimwengu mmoja, bila siku maalumu. Wachezaji wenyewe wanapanga nani na nani, lini, na wanaenda wapi. Msimulizi anafungua mlango tu. Kwa madereva, manesi na wenye watoto wachanga naona inafaa.

Watu wananiambia nilikuwa mkali kwa ajili ya mchezo tu. Mimi naona neno "tu" hapo halikai sawa. Muuguzi mmoja alikuwa anapata saa tatu za lugha yake kwa wiki. Mwalimu mmoja alikuwa na sehemu moja ambako haulizwi na mtu madaftari yako wapi. Na ndiyo, mpweke mmoja wa Muscat alikuwa na sehemu ya kuchekesha watu, na mimi ndiye niliyemfungia mlango. Vyote vitatu ni kweli kwa pamoja, na msimulizi ndiye anayechagua. Wahenga walishasema mkubwa ni jalala. Nimelipokea.

Sasa nina jambo moja nataka mnisaidie. Desemba mdogo wake Shujaa anaoa, Tanga. Kadi nimeletewa na mtu mwingine, mchango nimeshatoa, na Shujaa atakuwepo. Tangu ile Jumapili hatujaongea. Nikimkuta ukumbini nimsalimie kama zamani, au nimvute pembeni tuyamalize kwanza? Wenye uzoefu semeni hapo chini, na wewe unayeendesha kwaya, upatu au timu ya mtaani nawe sema: uliyemtoa mlikuja kupatana vipi?

Ijumaa hii tupo kama kawaida. Saa tatu usiku, ya Dar.